Mama Fundi anajibu: Tiyo gani ya breki kwa gari lako?

Mvua zimerudi Lubumbashi, na kila mwaka majira haya magari huletwa karakanani pedali ya breki ikizama mpaka chini. Matope mekundu yaliyojikusanya tangu mwaka jana juu ya tiyo, yale mabomba membamba yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, yanalowa, kutu inamalizia kazi yake, na tiyo inatoboka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu, maana ndiyo siku presha inapopanda. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza tiyo hizo ziwe za madini gani. Naanza na ile iliyonigusa zaidi, nayo nimeijibu kwa urefu.

*Jambo Mama Fundi. Niko dereva wa taksi-basi, Toyota Hiace, natoka Katuba kwenda mjini na kurudi. Tiyo ya breki inayokwenda nyuma imetoboka kwa kutu, pale juu ya ekseli. Fundi wangu anasema ya kiwandani haipatikani, lakini anaweza kunitengenezea ya shaba, ile wanayotumia mafundi wa friji. Anasema shaba haishiki kutu, inakunjika kwa mkono, na bei yake ni ndogo. Mwenye gari amekubali. Mie naona ni sawa: tuko kwenye nchi ya mukuba, yaani shaba, kwa nini nitafute chuma cha ng'ambo? Lakini bibi yangu amekataa, anataka nikuulize kwanza. — Dereva wa Katuba*

Papa, mpe bibi yako aksanti zangu, na umwambie fundi asimamishe kazi. Tiyo ya friji haiingii kwenye breki za gari linalobeba watu, hata kwa siku mbili za kusubiri.

Nakueleza sababu, kwa kuwa fundi wako atabisha na unapaswa kuwa na jibu. Wengi wanaoikataa shaba husema presha itaipasua. Sababu hiyo si ya kweli, na fundi anayejua kazi ataipangua mara moja. Tairi la Hiace lina presha ya baa 3 hivi. Ndani ya tiyo ya breki, ukikanyaga ghafla kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara, mafuta hufika baa 70, baa 100, wakati mwingine zaidi. Tiyo ya shaba yenye ukuta wa milimita 0.8 inayavumilia hayo. Fundi ataifunga, mtakanyaga pamoja, hakuna tone litakalotoka, nawe utaondoka umeridhika.

Kinachoiua shaba ni kutikiswa. Jaribu mwenyewe: omba kipande cha tiyo ya friji, kikunje, kikunjue, kikunje tena palepale. Mara ya kwanza kinakutii bila shida. Mara ya tatu mkono unaanza kuhisi ubishi. Ukiendelea kitakuwa kigumu, kisha ufa utatokea, kisha utabaki na vipande viwili. Ndiyo tabia ya shaba tupu: kila inapokunjwa inazidi ugumu, na ugumu huo hauna uvumilivu ndani yake.

Sasa fikiria Hiace yako wakati wa kiangazi, kwenye vile vijituta vya udongo vinavyolitikisa gari tangu usukani hadi mlango wa nyuma. Tiyo inatetemeka pamoja na gari kutwa nzima. Na kila unapokanyaga breki, presha inaitanua kidogo sana, ukiachia inarudi. Mikunjo hiyo midogo huwezi kuiona, lakini shaba inaihesabu yote. Ufa huanza karibu kabisa na nati, mahali tiyo inapotoka kwenye kitu kilichokazwa na kubaki hewani, halafu unaizunguka polepole. Kutu mara nyingi hutoa onyo: tiyo inachubuka, inavimba, inatoa jasho la mafuta siku kadhaa kabla. Ufa wa uchovu hautoi onyo lolote.

Kuna kosa la pili. Fundi wa friji hupanua mdomo wa tiyo mara moja tu, na kwa gesi ya friji inatosha. Mdomo wa breki ya Toyota hupanuliwa, kisha ukingo wake ukakunjwa tena kuelekea ndani, ili pale nati inapobana pawe na kuta mbili. Mdomo wa ukuta mmoja unazidi kuwa mwembamba kila unapokazwa. Na tiyo ikiwa fupi, fundi wa friji ataichomelea na kipande kingine kwa moto. Kwenye breki hakuna kuchomelea. Tiyo mbili zikilazimika kuungana, kila moja iwe na mdomo na nati yake, zikutane ndani ya kiungio kilichotengenezwa kwa breki.

Basi uweke nini? Una njia mbili za haki.

Ya kwanza ni tiyo ya chuma iliyotengenezwa kwa breki. Pengine hujui kwamba shaba tayari imo ndani yake. Utepe mwembamba wa chuma uliopakwa shaba huviringishwa mara mbili, kisha huingizwa kwenye tanuru. Shaba inayeyuka na kugandisha tabaka hizo mbili kuwa ukuta mmoja. Ufundi huo ulianzia Detroit, Marekani, miaka ya 1920, na magari mengi sana duniani yanasimama kwa tiyo za namna hiyo hadi leo. Nguvu ni ya chuma, kuziba ni kwa shaba. Udhaifu wake uko kwenye ngozi ya nje. Iliyopakwa zinki peke yake haidumu sana chini ya matope. Iliyoongezewa ngozi ya plastiki juu ya zinki inadumu zaidi, mradi fundi asiikwangue kwa koleo anapoikunja.

Ya pili ni kupronikeli. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na nikeli kiasi cha asilimia 10, pamoja na chuma kidogo na manganizi kidogo. Mchanganyiko huo ndio unaopitisha maji ya bahari ndani ya meli, kwa hiyo matope yetu hayautishi. Volvo waliupeleka kwenye breki za magari yao tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani Sweden wakati wa baridi. Nikeli hiyo kidogo inaipa shaba uvumilivu ambao shaba tupu haina: inakaribia nguvu ya chuma, inastahimili mtikisiko, na bado inakunjika kwa mkono.

Kwa gari lako nachagua kupronikeli, na sababu yangu kubwa ni zana za mafundi wetu kuliko kutu yenyewe. Karakana nyingi hapa zina kifaa kimoja kidogo cha kufanyia midomo ya tiyo, kimechakaa, meno yameisha. Ukibana chuma kigumu kwenye kifaa hicho, mdomo unatoka umepinda au una ufa. Kupronikeli ni laini, inatoa mdomo safi hata kwenye kifaa cha kawaida. Bei kwa mita iko juu kuliko ya chuma. Lakini mzingo mmoja wa futi 25, yaani mita 7.6, unatosha kutoka mbele hadi nyuma ya Hiace na unabakiza. Mwenye gari akisisitiza chuma chenye ngozi ya plastiki, na fundi ana kifaa kizuri, sitagombana naye.

Dukani nenda na sumaku, hata ile ndogo ya kipaza sauti kilichoharibika. Sumaku ikishika, ni chuma, hata kama rangi ya juu ni ya shaba. Isiposhika, kwangua kidogo kwa tupa. Rangi nyekundu iliyokolea ni shaba tupu, rudisha. Kupronikeli huonyesha wekundu uliofifia unaoelekea fedha. Kitu cheupe na chepesi mkononi ni aluminiamu, usikiguse kabisa kwa breki. Tiyo nzuri huuzwa ikiwa na maandishi kwenye mfuko: kupronikeli ya breki hutajwa kwa kanuni ya SAE (chama cha wahandisi wa magari cha Marekani) J1047, chuma cha kuviringishwa mara mbili kwa SAE J527. Muuzaji asiyejua anauza nini si adui yako, lakini usinunue kwake.

Unene wa nje kwa magari mengi madogo na Hiace ni milimita 4.75, ambayo wengine huita inchi 3/16. Ipime kwa kaliperi, kile kifaa cha kupimia unene. Ile ya milimita 5 ya mashine nyingine inaonekana sawa kwa macho, na haitakaa kwenye nati.

Fundi anapofunga, simama karibu uangalie. Tiyo ikatwe kwa kile kikataji chenye gurudumu dogo. Msumeno unaacha unga wa chuma unaosafiri mpaka kwenye mipira ya silinda. Ndani ya mdomo pasafishwe. Nati iingizwe kwanza, ndipo mdomo ufanywe. Tiyo mpya ifuate njia ya zamani, mbali na egzosi, mbali na kitu chochote kinachozunguka, na ishikwe na klipu zake zote. Klipu iliyopotea irudishwe, maana tiyo inayoning'inia ni tiyo inayotikisika, na hapo hata kupronikeli unaionea bure. Mafuta mapya ya breki, ya DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko kinavyosema, hewa yote itolewe. Kisha injini ikiwaka, wewe kanyaga kwa nguvu zako zote ushikilie dakika nzima, mwingine awe chini na tochi akiangalia kila nati.

Na swali lako la mukuba nimelisikia, Papa. Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911. Leo malori yanapita mpaka wa Kasumbalesa yamebeba katodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, na tiyo ya mita 7 tunaisubiri irudi kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ambo. Inaniuma kila ninapofungua mfuko wake. Siku kiwanda cha hapa kitakapochanganya shaba yetu na nikeli na kuvuta tiyo ya milimita 4.75, nitakuwa mlangoni asubuhi. Lakini breki za abiria wako haziwezi kusubiri siku hiyo kwa tiyo ya friji.

*Mama Fundi, gari langu ni Volkswagen Golf iliyotoka Ubelgiji. Nilibadilisha tiyo zote mbili za mbele, nikanunua za chuma nzuri kama ulivyowahi kushauri. Tangu hapo nati moja inavuja. Fundi ameikaza mara nyingi, inakauka siku moja, kisha inarudi. Sasa anasema silinda ndiyo mbovu. Je, ni tiyo? — Mama wa Bel-Air*

Mama, kabla ya kununua silinda, mwambie fundi aifungue nati hiyo, na muuangalie mdomo wa tiyo pamoja.

Kuna aina mbili kuu za midomo, na ndizo zinazochanganya karakana zetu. Toyota na magari mengi ya Japani hutumia mdomo uliopanuliwa kwa pembe ya nyuzi 45 na kukunjwa ndani, kama nilivyomweleza dereva wa Katuba. Volkswagen na magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa duara, uliovimba kidogo kama kitunguu kichanga. Shida ni kwamba nati zote mbili mara nyingi zina nyuzi za skrubu zilezile, M10 kwa 1. Nati ya Toyota inaingia kwenye Golf bila kubisha, inakaza, na fundi anaamini kazi imekwisha. Ndani, mdomo na kikalio chake, yaani mahali unapokalia, havijakutana ipasavyo.

Chukua tochi, angalia ndani ya tundu ambamo tiyo inaingia. Ukiona koni iliyosimama kuelekea nje, panahitaji mdomo uliopanuliwa. Ukiona shimo lililochongwa kuingia ndani, panahitaji mdomo wa duara. Golf yako itakuonyesha shimo. Nati yenyewe pia huongea: ya mdomo wa duara mara nyingi ina ncha laini isiyo na nyuzi za skrubu, ile nyingine ina nyuzi hadi mwisho.

Nakisia fundi alifanya mdomo wa Toyota kwa sababu ndio kifaa chake kinaoujua. Madini uliyonunua hayana kosa. Kipande hicho kikatwe, mdomo sahihi ufanywe, uvujaji utaisha kwa kukaza kwa kiasi. Wasiwasi wangu ni huko kukaza mara nyingi. Kila alipoongeza nguvu alikuwa anaponda kikalio ndani ya silinda. Kikiwa kimeshachubuka, hata mdomo sahihi utavuja, na hapo maneno ya fundi juu ya silinda yatakuwa kweli, ila aliyeiharibu ni spana. Omba atumie spana ya nati za tiyo, ile inayoikumbatia nati karibu pande zote.

Jambo lingine hujaliuliza, lakini gari limetoka Ubelgiji. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo ilisafiri nalo mpaka hapa ndani ya vifuniko vya chini. Umebadilisha za mbele kwa sababu unaziona. Zilizo hatari zaidi ni zinazopita juu ya tangi la mafuta na juu ya ekseli ya nyuma, ambazo hakuna anayeziona. Marekani walichunguza tatizo hilohilo kwenye pikapu na magari makubwa ya General Motors ya miaka ya 1999 hadi 2003. Uchunguzi ulifungwa 2015 bila magari kurudishwa kiwandani, na wenye magari wakashauriwa wayaoshe chini na kukagua tiyo zao. Walishauriwa hivyo watu wenye barabara za lami na karakana kila kona. Lipandishe gari lako, vifuniko vya plastiki vifunguliwe, kila klipu isogezwe, kwa sababu kutu hupenda kujificha chini ya klipu. Tiyo iliyochubuka hadi ukucha unakwama ibadilishwe, hata kama bado ni kavu.

*Mama, ninajifunza kazi kwenye karakana ya mashine za haidroliki. Tuna vipande vingi vya tiyo za inoksi vinavyobaki. Mashine zetu zinafanya kazi kwa baa 300 na zaidi, kwa hiyo nikaona breki za gari la mjomba, Land Cruiser, zitakuwa mchezo kwa tiyo hizo. Inoksi haishiki kutu. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa Ruashi*

Mwanangu, umefikiri vizuri juu ya presha. Yaliyobaki ndiyo yanayokukwamisha.

Angalia mdomo wenu wa haidroliki: ni wa pembe ya nyuzi 37. Kikalio cha breki ya Land Cruiser ni cha nyuzi 45. Tofauti ya nyuzi 8 inatosha kukupa mstari mwembamba wa kugusana mahali palipopaswa kuwa na uso mzima. Ukijaribu kuifanyia inoksi hiyo mdomo wa nyuzi 45 uliokunjwa mara mbili, mara nyingi itapasuka ukingoni, na nyufa nyingine ni ndogo kiasi kwamba utaziona kwa kioo cha kukuzia tu. Pima pia unene wa nje. Tiyo zenu zitakuwa za milimita 6, 8, 10, na ukuta mnene. Breki inataka 4.75 na ukuta wa 0.7 hivi.

Inoksi kwenye breki ipo, watu wa magari ya mashindano wanaitumia, lakini wananunua ile iliyolainishwa maalumu, na wanabadilisha viungio vyote viwe vya nyuzi 37 tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kazi ya mfumo mzima, vipande vinavyobaki haviwezi kuifanya. Na ni ngumu kukunja. Kosa moja la pembe unatupa tiyo yote.

Ninakupa kazi nyingine kwa hamu hiyo. Land Cruiser ya mjomba kama inafanya kazi karibu na migodi, mahali asidi ya salfa inapopakiwa na kupakuliwa, kagua tiyo zake za chuma kila mara linapooshwa, kwa sababu asidi inakula zinki na chuma haraka kuliko matope. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayolowesha vumbi la huko. Mshauri mjomba aweke kupronikeli, umtengenezee midomo wewe mwenyewe chini ya macho ya fundi wako. Ufanye midomo mingi ya majaribio kwenye mabaki, uikate katikati kwa urefu uangalie ndani, mpaka mkono uzoee.

*Kwenye malori makubwa naona tiyo za breki ni za plastiki, na yanabeba tani nyingi hadi Kolwezi. Mie nina Canter, lori dogo. Naweza kuweka plastiki hiyo? Inauzwa kila mahali. — Dereva, njia ya Likasi*

Hapana, Ndugu. Lori kubwa hutumia hewa kwenye breki zake, na hewa hiyo ina baa 8 hadi 10 hivi. Tiyo yake ya nailoni imetengenezwa kwa kiasi hicho na inafanya kazi yake vizuri. Canter yako inasukuma mafuta, na mafuta hayo yanapita baa 70. Nailoni hiyo itavimba, itachomoka kwenye kiungio chake, na utajua kwenye mteremko wa kuingia Likasi ukiwa na mzigo mgongoni.

Mpira wa mafuta ya dizeli na klipu za kukaza, jibu ni hilohilo. Mahali pekee pa mpira kwenye breki yako ni pale gurudumu linapopanda na kushuka, na mpira huo ni wa breki, umefungwa kiwandani kwa nati zake, una maandishi ubavuni. Ukikanyaga ukauona unavimba, au ukiukunja ukaona nyufa, badilisha. Na gurudumu moja likibaki la moto baada ya safari wakati mengine yamepoa, shuku mpira umeziba kwa ndani: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu wako lakini hayarudi.

*Jambo Mama. Tiyo ya gurudumu la nyuma kushoto ilikatika njiani tukitoka Kasumbalesa. Fundi wa njiani aliikunja, akaiponda kwa nyundo ili mafuta yasitoke, akasema breki tatu zinatosha. Gari linasimama vizuri. Nimekuwa nikiliendesha hivyo mjini, pesa ya vipuri naitegemea mwisho wa mwezi. Naweza kusubiri? — Papa wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi*

Papa, usisubiri. Naomba ulisimamishe leo.

Najua kwa nini fundi yule alifanya hivyo. Pengine ni usiku, barabarani, gari lina watoto na mizigo, alikutafutia njia ya kufika. Simhukumu. Lakini kilichokufikisha nyumbani hakikutengenezwa ili ukiendeshe mwezi mzima.

Gari linasimama vizuri kwa sababu umelijaribu kwenye barabara kavu, kwa mwendo wa foleni. Sasa mvua imeanza. Kanyaga kwa nguvu kwenye lami iliyolowa: nyuma kulia linashika, nyuma kushoto linabingirika, na mkia wa gari utatafuta kuelekea upande mmoja kabla hujageuza usukani. Hilo ni la kwanza.

La pili ni lile kunjo lenyewe. Tiyo ya chuma iliyopondwa kwa nyundo imeshapasuka ngozi, imeshachoka mahali pa mkunjo, na kila unapokanyaga, baa zile 70 au 100 zinafika mpaka hapo na kusukuma ili ifunguke. Hazisukumi tiyo ile peke yake. Gari lina njia mbili za mafuta, ili moja ikitoboka nyingine ibaki. Kunjo likifunguka, njia yote iliyoshirikiana na gurudumu hilo inamwaga mafuta, na breki tatu unazozitegemea zitakuwa mbili au pungufu, kwa pedali iliyozama nusu ya safari yake. Utakuwa mahali gani wakati huo, Papa? Kwenye mzunguko, mbele ya shule, nyuma ya lori la katodi?

Na gharama haina ukubwa unaodhani. Hutengenezi mfumo mzima. Kipande kilichopondwa kinatoka, tiyo fupi ya kupronikeli inaingia kutoka kiungio cha mwisho hadi silinda ya gurudumu, pengine mita moja au chini yake, nati mbili, mafuta mapya. Fundi mwenye mzingo uliofunguliwa anaweza kukuuzia urefu unaohitaji tu. Hakikisha amefanya mdomo wa aina inayolingana na gari lako, kama nilivyomweleza Mama wa Bel-Air. Kama gari lina ABS, ule mtambo unaozuia magurudumu yasikwame unapokanyaga breki, mwambie kabla hajaanza, kwa sababu hewa ikijificha kwenye mtambo wake, baadhi ya magari huhitaji kompyuta ya karakana ili itoke.

Kama hakuna fundi karibu nawe aliye na tiyo hiyo, nitafute kupitia gazeti hili, tutakuelekeza. Gari lije kwa kuvutwa na gari lenye breki nzima, kwa chuma cha kuvutia kilicho kigumu. Kamba haifai kwa gari ambalo haliwezi kusimama lenyewe.